Kadi Iliyomjia Kulwa Peke Yake

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka narudi kwenye swali nililoulizwa nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Aliyeniuliza ni shangazi yangu, dada yake baba, mama mmoja mrefu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alisema, "Doto, unataka na wewe uandikwe kwa sababu uko tayari kuitwa, au kwa sababu unajua hakuna atakayekuita?"

Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa na jibu la kila kitu. La hilo sikuwa nalo. Pilau ikapoa mkononi.

Nakuandikia kwa sababu juzi ulinipigia simu umefura kama andazi. Ulisema mmebishana darasani, kwamba mjadala umerudi: wanawake nao waandikishwe kwa ajili ya jeshi kama wanaume, au waachwe? Ukaniambia, "Mama mdogo, wewe ulisoma mambo haya chuoni, nipe msimamo." Nikakujibu kwamba nimetoka kazini nimechoka, nitakutafuta. Kuchoka kulikuwa kweli, lakini kazi haikuwa sababu yote. Mjadala huu naujua tangu nikiwa na umri wako. Hufufuka, wakubwa wakaupigia kelele kule mjini chini ya lile kuba jeupe la bunge, watu wakatukanana kwenye televisheni, kisha ukalazwa tena. Ni kama mgeni anayeaga mlangoni, kashika kitasa, haingii wala hatoki. Wewe unamwona leo kwa mara ya kwanza. Mimi nimeshamshikia koti lake mara nyingi.

Wala usinicheke ninavyokuita mwanangu. Najua nimevuka thelathini juzi tu. Lakini huku ugenini uzee hausubiri mvi. Wazee wetu wengine wako ng'ambo, wengine tumewalaza kwenye makaburi ya hapa hapa Maryland, na kiti kikibaki wazi hukalishwa yeyote aliye karibu. Mama yako amesema nikupe nasaha, nami nasaha zinanikereketa. Zamani mtu akianza na "wahenga walisema," nilimuuliza ni wahenga gani hao, na mbona hawakuelewana. Haraka haraka haina baraka, halafu hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mpaka leo sijui tuwafuate wepi. Kwa hiyo haya nitakayokuambia yahoji tu. Ila yasikilize mpaka mwisho kwanza, jambo ambalo mimi sikulifanya.

Unajua kwamba mimi na mjomba wako Kulwa ni mapacha. Alitangulia yeye, nikafuata mimi, ndiyo maana yeye akaitwa Kulwa na mimi Doto. Mama alilelewa Usukumani, na kuhusu mapacha alikuja huku na kanuni moja tu: hawagawiwi kimoja. Ukimpa huyu shati, mpe yule gauni. Ukimchapa huyu, yule naye apate kakofi kidogo, hata kama alikuwa amelala. Ukimpa mmoja na kumnyima mwenziwe, mmoja wao ataugua. Ni yupi, waliotuambia hawakuwa na hakika. Nilihoji hilo pia. Mama alinijibu, "Wewe hoji, mimi nanunua viwili." Kulwa alipovunjika mkono akicheza mpira shuleni, mimi nilipelekwa darasani na kitambaa shingoni, nimebeba mkono mzima kabisa. Mwalimu aliniuliza kimenipata nini. Nikamwambia, "Kaka yangu."

Basi mwaka ule tulipotimiza miaka kumi na minane, ikaja kadi kwa posta yenye jina la Kulwa. Ilimkumbusha kwamba kila kijana wa kiume anayeishi nchi hii, awe raia au mgeni aliyehamia kama sisi, akifika umri huo sharti ajiandikishe, ili serikali ikiamua siku moja kuita watu jeshini kwa lazima ijue pa kuwapata. Sheria ilimpa kama mwezi hivi. Na kwa mtu asiye raia, kutojiandikisha si mzaha: siku akiomba uraia ataulizwa kwa nini, na anaweza kuukosa. Baba alikuwa akilisema hilo mezani tangu Kulwa hajaota ndevu.

Mama aliipokea kadi, akaisoma mbele na nyuma, akaiweka juu ya friji chini ya bakuli la vitunguu. Hakumpa mwenyewe. Alikuwa anasubiri ya Doto.

Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Kila jioni akirudi kazini alifungua sanduku la barua pale nje, akapekua matangazo ya pizza na bili, akaguna, "Posta ya huku nayo!" Kisha akaingia kupika. Hakuna aliyemweleza kwamba kadi ya Doto haitafika, kwa kuwa nchi hii haiandikishi wasichana, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anaisubiri. Na siku za Kulwa zikawa zinakwenda.

Ikafika Jumapili ya sherehe yetu ya kuzaliwa, ambayo ilikuwa imeahirishwa mpaka baba apate siku ya mapumziko. Tulikuwa tumepanga nyumba Lanham, karibu na barabara kuu kiasi kwamba ukifungua dirisha ulisikia magari yakivuma bila kupumzika. Shangazi alikuja kutoka Adelphi na sufuria lake la pilau limefungwa kwa taulo. Alikuja pia jirani yetu Papa Bahati, Mkongo wa Bukavu, ambaye hakukosa sherehe ya mtu yeyote mtaani. Keki zilikuwa mbili, bila shaka. Baba akaenda jikoni kuchukua kitunguu cha kachumbari, akarudi na kadi.

"Mama Kulwa! Hii imekuja lini?"

"Ipo hapo siku nyingi. Nasubiri ya mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Doto. Unataka nimpe mmoja, huyu mwingine nimwambie nini?"

Baba akavuta kiti, akakaa. "Mke wangu. Ya Doto haiji. Hawaandiki wasichana."

Mama alisimama na mwiko hewani. "Hawaandiki? Kwani wao hawazai mapacha?"

Papa Bahati alicheka mpaka akajishika mbavu. Hata baba alicheka, kisha akaitazama tena tarehe kwenye kadi na kicheko kikamwishia. Muda uliobaki ulikuwa mdogo sana.

Hapo ndipo nilipoona saa yangu imefika. Majira yale ya joto nilikuwa nasubiri kuanza chuo, na nilikuwa nimesoma kila nilichokipata juu ya jambo hili. Nilikuwa nimemchosha Kulwa kwa hoja zangu, kwenye basi, dukani, hata akiwa anapiga mswaki. Nikasimama katikati ya sebule na sahani yangu. Nikasema mama amegusa ukweli kuliko majaji wote walioihalalisha sheria hii. Nikasema sheria inayomtazama Kulwa na kumruka Doto, watu waliolala tumbo moja, inamtukana kila mmoja wetu: inamwambia yeye kwamba damu yake ni ya kumwagwa, na inaniambia mimi kwamba yangu haifai hata kwa hilo. Tuandikwe wote, ama asiandikwe mtu. Nilisema vizuri. Nakiri mpaka leo kwamba nilisema vizuri.

"Mwanamke haendi vitani," baba akasema. "Mimi nimekaa kambini, napajua. Si mahali pa binti."

"Lakini shangazi alikwenda! Si mlikuwa mnaitwa wote kwa mujibu wa sheria?"

Maana enzi zao kule Tanzania, mwanangu, aliyemaliza kidato cha sita, awe wa kike au wa kiume, alipelekwa kwanza kambini kwenye jeshi la kujenga taifa, akakimbia alfajiri, akapiga kwata, akalima, ndipo aende chuo au kazini. Hadithi za kambi za baba tulizijua kama sala. Shangazi hakuwa msimuliaji. Alikuwa anachambua nyama kwenye mfupa, taratibu, kama vile hazungumziwi yeye.

"Alikwenda," baba akasema. "Kulima na kuimba. Vita ni kitu kingine."

"Kwetu vita haikuuliza nani mwanaume, nani mwanamuke," Papa Bahati akaingilia, sauti yake imebadilika. "Iliingia tu mu nyumba. Voilà. Hata kadi haikutuma." Akajimiminia soda, hakuendelea. Nasi, kwa ujinga wa watu waliokalia makochi, tukamwacha asiendelee, tukarudi kwenye ubishi wetu.

Kulwa alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Unamjua mjomba wako: ukimsemesha Kiswahili, yeye hukujibu kwa Kiingereza. Siku ile alisema kwa Kiswahili.

"Mimi sijiandikishi. Mpaka wamwandike Doto."

"Umeona!" mama akasema.

Mimi nikapiga makofi, sahani na yote, punje za wali zikaruka kwenye zulia. Nilijiona kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzito amefaulu ghafla.

Baba akainuka. "Utajiandikisha leo hii! Unataka kuutupa uraia kwa ukaidi wa dada yako? Sikiliza, wewe. Mwanaume huitwa, huenda, hurudi. Mimi nilipoitwa sikuuliza dada yangu anakwenda au haendi. Sikuogopa."

Shangazi akainua macho kutoka kwenye mfupa, akamtazama. Alimtazama kwa muda. Nililiona lile jicho na sikulielewa. Nikadhani ameudhika kwamba kambi yake imeitwa ya kulima na kuimba. Baba akageuza uso, akaanza kutafuta miwani yake iliyokuwa usoni.

Nami nikaendelea. Nikasema Kulwa yuko tayari kutoa uraia wake kwa ajili ya usawa. Nikasema niko tayari kuandikwa kesho, niletewe tu kalamu. Ndipo shangazi akaweka mfupa chini, akajifuta vidole, akaniuliza lile swali: uko tayari kuitwa, au unajua hutaitwa?

Kudai sehemu yako ya jambo ambalo halijafika ni rahisi, mwanangu. Ni kama kujitolea kubeba jeneza la mtu aliye hai. Nilitaka kusema niko tayari, na kwa mara ya kwanza nikajiona mimi mwenyewe, hizi nywele, haya magoti, nikipanda basi la kwenda mahali ambapo watu wanapigana risasi. Sikuweza kusema ndiyo. Wala sikuweza kusema hapana, baada ya hotuba ile.

"Sikuulizi ili nikushinde," shangazi akasema. "Hoja yako ina miguu, itatembea. Nimekuuliza kwa sababu umelitaja jina la kaka yako tangu tukae hapa, Kulwa hivi, Kulwa vile, na hujamtazama hata mara moja."

Nikamtazama. Sahani yake ilikuwa imejaa, hajaigusa. Kijiko kilikuwa kinagonga ukingo wa sahani, kidogo kidogo, na yeye mwenyewe hasikii.

"Kulwa, baba," shangazi akamwita, "unaogopa?"

"Dada, usimfundishe mtoto—"

"Baba Kulwa, nimemuuliza yeye."

Nje magari yalikuwa yanavuma. Kulwa aliweka sahani juu ya kabati la viatu. "Ndiyo," akasema. Kisha, nusu kwa Kiingereza nusu kwa Kiswahili, akasema kwamba kila akiona picha za vita kwenye simu anafikiri wale vijana walioko kule, kila mmoja wao, alianza kwa kuandika jina lake mahali. Kwamba amekuwa akijua kadi iko juu ya friji tangu siku ilipofika, na hakuigusa. "Doto akasema si haki. Nikaona hiyo ni sababu nzuri. Sikuwa na nyingine."

Wahenga, hao hao ninaowasumbua, walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliisoma methali hiyo shuleni nikapata alama nzuri. Sikuijua mpaka nilipomwona kaka yangu anashindwa kuficha mikono yake. Nilikuwa nimeupima mzigo wake kwa macho, nikadai nusu yake kwa sauti kubwa, wala sikumuuliza una uzito gani.

Shangazi hakunikemea zaidi. Alimwambia mama, "Mama Kulwa, wewe unasema mapacha hawagawiwi kimoja. Mimi naliamini hilo. Kadi imekuja moja, hatuwezi kuikata katikati. Lakini woga umekuja mwingi. Huo tuwagawie."

Akanigeukia. "Wewe unapenda kusoma. Isome sheria hii yote, si kile kipande kinachokupa ushindi mbele ya baba yako. Soma aliyeitwa ana haki gani. Soma ambaye dhamiri yake inakataa bunduki anakwenda kusema nini, na wapi, na kabla ya lini. Uijue kama unavyolijua jina lako. Siku akiitwa, na Mungu apishe mbali, utakwenda naye mpaka mlangoni, na asichoweza kukisema kwa sababu ya hofu utakisema wewe. Hapo utakuwa umeandikwa."

Kisha akamwambia baba, kwa upole ambao nao sikuuelewa, "Mpe mtoto ile hadithi ya buti."

Baba alisita. Hakuwa mtu wa kusita kwenye hadithi zake. "Wanaijua, Dada."

"Mpe."

Basi akaisimulia, sisi tukiwa tumekaa chini kama tulivyokaa tukiwa wadogo. Kwamba siku ya kwanza kambini makuruta walirushiwa buti stoo, na zake zilimzidi kupita kiasi. Alipokwenda kulalamika, afande akamjibu, "Hapa hatubadilishi buti. Badilisha mguu." Ikabidi achane kanga kuukuu vipande vipande, azijaze buti ndipo zikamkaa. Alfajiri yake, kwenye mchakamchaka, wote wanakimbia na kuimba, kipande kikachomoka kwenye buti la kulia kikawa kinamfuata nyuma.

"La kushoto," shangazi akasema.

"Ee, la kushoto. Afande akapiga filimbi, kombania nzima ikasimama. 'Kuruta! Una mkia!' Siku ile kutwa nzima kila nikipita penye mwarobaini wa uwanja wa paredi lazima nisimame, nipige saluti, niseme: 'Mheshimiwa mwarobaini, kuruta mwenye mkia naomba kupita!'"

Papa Bahati alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Kulwa naye alicheka, kwanza puani, kisha kweli kweli. Hapo ndipo baba alipozoea kuimalizia.

"Malizia," shangazi akasema. "Na usiku wake."

Baba akamtazama dada yake. Sikuwahi kuisikia sehemu hiyo. "Usiku wake nililia," akasema polepole. "Nililia nimeuma shuka ili wenzangu wasisikie. Asubuhi ikapigwa filimbi, nikaamka."

"Wewe ulilia?" Kulwa akauliza.

"Mtu hulia," baba akasema. Akavua miwani, akaivaa tena.

Kulwa alijiandikisha jioni ile kwenye meza ya jikoni. Nilikaa naye, bega kwa bega, kama tulivyokaa zamani kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kazi yote ilifanyika kwenye simu, lakini mama alituletea kalamu mbili, akaweka moja mbele ya kila mmoja, akarudi kuosha vyombo.

Hakuna aliyemwita. Unajua hilo, unamwona kila wiki: alipata uraia wake, anafanya kazi ya uuguzi Hyattsville, na umri wa kuitwa umempita. Mimi niliisoma sheria yote kama nilivyoagizwa, na baadaye chuoni nikaandika juu yake kurasa nyingi kuliko walimu wangu walivyotaka kusoma. Nilizungumza kwenye midahalo. Nilikaa na wanaotaka tuandikwe na wasiotaka. Wote wana hoja. Na karibu wote, mwanangu, nilikutana nao kwenye viti vizuri, na wengi wetu tulijua kwamba tukimaliza tutakwenda kunywa kahawa.

Unataka msimamo wangu, chukua. Naona sheria inayotazama umbile la mtu ili kuamua ni mtoto wa nani aende akafe ni sheria mbovu. Naona pia kwamba kuongeza majina ya mabinti juu ya majina ya wavulana hakuifanyi kuwa njema. Kunaifanya kuwa ndefu. Ukinibana nichague nitasema wote ama asiwepo, kama nilivyosema na sahani mkononi, ila siku hizi nalisema nimekaa, na kabla ya kulisema nalipitisha kwenye swali la shangazi. Bado linanikwama. Wenye umri wangu wanaojibu swali lile haraka, upande wowote, siwaamini. Nimechoka kuwasikiliza, nimechoka kujisikiliza.

Kwa hiyo ninachokusihi ni kidogo. Bishana, usiache, kunyamaza hakujamwokoa mtu. Lakini ukitaka kusema juu ya mzigo, mtafute kwanza aliyeubeba, umtazame mikono. Darasani kwenu wamo wavulana waliokwisha kujiandikisha. Kaa na mmoja, umuulize, wala usimsahihishe akijibu. Yupo pia mtu kama Papa Bahati, anayeanza sentensi moja na kuiacha. Subiri aimalize, hata kama wewe una hotuba. Usidai sehemu ya jambo zito ili uonekane sawa na mwenzako. Idai kwa sababu hutaki alibebe peke yake. Ukishaidai, soma mpaka ukurasa wa mwisho. Na mtu akikuambia haogopi, awe wa kike au wa kiume, usimcheke, usimsifu. Mpe muda tu.

Mungu akulinde na kadi zote zenye jina lako na zisizo na jina lako. Akupe ulimi mkali na jicho la kuona kijiko kinachotetemeka. Akuzidishie wa kukaa nawe bega kwa bega, na akuepushe na mlango ule wa kuitwa. Lakini ukifunguka, usiukute peke yako.

Nilitaka kuishia hapo. Limebaki jambo moja, na nimelijua juzi juzi tu, miaka mingi baada ya Jumapili ile.

Tulipomzika shangazi, baridi ile iliyopita, watu walirudi nyumbani kwa baba, wakajaa mpaka kwenye ngazi. Papa Bahati, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo, akasema, "Baba Kulwa, tupatie ile ya mabuti, tucheke kidogo. Dada yako aliipenda."

Baba akavua miwani, akaishika mapajani. "Ile si yangu," akasema. "Ni yake. Zote ni zake."

Akatuambia. Mwaka alioitwa yeye, nchi ilikuwa imetoka vitani na majeraha yalikuwa bado mabichi. Kifua kilimbana mwezi wa kuitwa, kikamwachia mwezi uliofuata. Alijificha kwa mjomba wake, akalia, hakwenda. Dada yake alikuwa amekwisha kwenda na kurudi. Hakumcheka, wala hakumsema kwa mtu. Alikaa naye jioni baada ya jioni akamhadithia kambi nzima, afande, buti, mwarobaini, mpaka akaijua, ili akikaa na wanaume wenzake asiwe uchi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Kwetu vyote viwili vilikuwa nyumba moja, na shujaa alikaa kochi la pili miaka yote akisikiliza hadithi yake ikisimuliwa na mwenziwe, akimsahihisha mguu.

Baba yangu hakuwahi kukanyaga kambini. Nami niliyehoji wahenga, majaji na mama yangu, sikuwahi kujiuliza mvulana kule aliipata wapi kanga.